Usma Kichwani mwa Mzee Hojimat

Bahati ya Shomurod ilikuja ikiwa na upara, tena upara wa kung'aa.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa Aprili, kwenye mgahawa wa chai ulio nyuma ya soko la hariri la Margilani. Shomurod alikuwa ameketi, miguu ameikunja, kibakuli cha chai mkononi, akisikiliza ya watu, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wengine wana tanuri, wengine wana mitambo ya kufumia. Yeye alikuwa na masikio mawili na ulimi. Mtu wa miaka thelathini na sita, ndevu zimechongwa, viatu vinang'aa, na sauti laini hivi kwamba ukimwuliza ni saa ngapi, utaondoka umemshukuru na saa yako imebaki kwake.

Mkabala naye alikaa mzee Hojimat, mwenye tanuri nne za mikate. Chai ilikuwa ya moto, jua limepanda, mzee akajisahau. Akavua kofia ajifute jasho. Mgahawa mzima ukatazama pembeni kwa adabu. Kichwa kile hakikuwa na unywele hata mmoja wa kusingizia. Nzi akitua pale angeteleza.

"Vaa tu, mzee," mwenye mgahawa akamwambia. "Bodomhon hayupo hapa."

Watu wakaangua kicheko. Hojimat akairudisha kofia, akainuka, akaenda zake bila kumaliza chai aliyokwisha kuilipia, jambo ambalo kwa mtu kama yeye lilionyesha maumivu makubwa.

"Bodomhon ndiye nani?" Shomurod akamwuliza jirani yake.

"Mgeni wewe. Mjane anayeuza usma pale safu ya wanawake. Mzee amempelekea mshenga mara tatu. Mara ya tatu mjane alikuwa anashona majamvi ya harusi na wenzake, wanawake kama arobaini, akachoka kusumbuliwa. Akasema mbele ya wote: siku mzee Hojimat atakapoota nywele, mleteni na mkate wa posa, tuuvunje, nimkubali."

"Na akiota?"

"Akiota!" Jirani akapaliwa na chai.

Lakini Shomurod hakucheka. Alikuwa amekumbuka jambo aliloliona jana yake.

Usma ni jani la wanawake. Linauzwa kwa vifungu vidogo vilivyofungwa uzi. Unalifikicha kiganjani mpaka litoe maji, unachovya kijiti cha kiberiti kilichoviringishwa pamba, unapaka nyusi. Linaingia kijani kama nyasi. Basi unakaa kimya, hucheki, hukunji uso, na polepole hewa inafanya kazi yake: kijani kinageuka buluu, buluu inakolea mpaka inakuwa nyeusi ya bawa la kunguru. Siku nne au tano baadaye inapauka na kuondoka, unapaka tena. Na katika Margilani yote hakuna mwanamke anayekubali mumewe amwone angali kijani. Mume hutoka asubuhi akaacha nyusi za kawaida, akirudi anakuta nyusi za hurulaini, na kwa miaka arobaini ya ndoa haulizi. Ndiyo maana wanaume wetu, wanaojua bei ya hariri ya China na kasoro za kila waziri, kwenye habari ya usma ni vipofu kabisa.

Shomurod naye angekuwa kipofu kama si kuzurura. Jana yake alikuwa amesimama karibu na meza ya Bodomhon akila sambusa, mama mmoja akampaka mtoto wake mchanga nyusi, tone likaanguka kwenye utosi wa mtoto, utosi mtupu kama yai. Sambusa ilipokwisha, pale palipoanguka tone palikuwa na kivuli cheusi, kama nywele zinazochomoza.

Akamfuata mzee Hojimat, akamkuta kwenye kona ya duka lake.

"Asalaam aleikum, mzee wangu. Samahani kwa kukusimamisha. Ni kinyozi gani anayekunyoa?"

"Kuninyoa?" Hojimat akavimba. "Unanikejeli, kijana?"

"Mungu apishe mbali! Nimekuona pale mgahawani, nikasema, jamani, mizizi imejaa namna ile na mtu anaikata? Haujafa hata mmoja. Imelala."

"Imelala?"

"Fofofo. Kwetu Namangani mtu kama wewe hatumwiti mwenye upara. Tunamwita mwenye kichwa kilichosinzia. Marehemu babu yangu alikuwa akiwaamsha. Alimwamsha kadhi mmoja mpaka akawa anasumbuliwa na masega." Akaweka mkono kifuani. "Haya, mzee, nisikucheleweshe. Nilitaka kusalimu tu."

Akaanza kuondoka, taratibu, kama mtu asiye na haja. Alihesabu hatua. Kwenye ya sita akaitwa.

"Wewe! Hiyo dawa ya babu yako, ni bei gani?"

"Haiuzwi, mzee. Ikiuzwa inakasirika. Hutolewa sadaka tu."

"Sadaka ya nini?"

"Kondoo. Mweupe. Asiye na doa."

Uso wa Hojimat ukaingia wingu. Alikuwa naye kondoo mmoja, mweupe kama pamba ya kwanza, mkia wa mafuta umemjaa mpaka anatembea akiyumba. Alimlisha mwenyewe kwa maganda ya mikate iliyoungua, akamfuga kwa harusi ambayo haikuwa na bibi harusi. Mtaa mzima ulimjua kondoo yule kuliko ulivyowajua watoto wa jirani.

"Nywele kwanza," akasema. "Kondoo baadaye."

"Haki kabisa. Nitapaka mara tatu. Ukiziona kwa macho yako, mara ya tatu unanipa. Usipoziona, nipige."

Siku hiyohiyo Shomurod akaenda kwa Bodomhon. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, viganja vyake vimeingia buluu isiyotoka hata kwa sabuni.

"Dada yangu, vifungu vinne. Tena unifikichie kabisa, unitilie kwenye kichupa, mimi sijui."

"Mwanamume na usma wapi na wapi?"

"Ni mama." Macho yakamlegea. "Amelala kitandani mwezi wa nane huu. Ananiambia, mwanangu, siwezi kumkabili Mola wangu na nyusi hizi."

Bodomhon akamfikichia, akamwongezea kifungu cha tano bure.

Nyumbani kwa Hojimat, Shomurod alifunga mapazia, akageuza kioo kielekee ukutani.

"Kioo kina kosa gani?" mzee akauliza.

"Mbegu ikitazamwa inaona haya." Akampaka kuanzia paji la uso hadi kisogoni, akafuata mstari wa nywele kama fundi anayepaka nyumba ya mtu mkubwa. "Saa nzima. Usiseme, usikunje ngozi. Unasikia inatekenya?"

"Inanuka kabichi."

"Hiyo ndiyo mizizi inaamka. Wewe ukiamka unanukia waridi?"

Saa ilipotimia kioo kikageuzwa. Hojimat akaangalia. Akasogea. Kichwani mwake kulikuwa na weusi wenye mng'ao wa buluu, laini, kama wa kijana aliyenyolewa jana. Mzee wa miaka sitini na moja akakaa chini kwenye zulia, machozi yakamtoka.

"Mbona nikipapasa sizishiki?"

"Umepanda ngano jana, leo unataka kuvuna? Ziko chini ya ngozi, zinasukumana. Usikioshe kichwa, wala usimwambie mtu habari ya dawa. Ukiulizwa, sema ni dua."

Hojimat hakungoja mara ya pili. Jumanne asubuhi alimwita mshenga, bibi Tursunoy, akamsimamisha mlangoni kwa mbali, akainua kofia nusu, akaishusha.

Bibi Tursunoy alifika kwa Bodomhon akihema.

"Zimeota!"

"Nini kimeota?"

"Nywele, mwanangu! Kwa dua! Nimeziona kwa macho yangu haya, nyeusi ti. Sasa mzee anauliza mkate tulete lini."

Bodomhon alikuwa amechuchumaa kwenye tuta la usma, kisu mkononi. Ulikuwa mwaka wa sita tangu mumewe afariki. Alikuwa na bustani yake kando ya mfereji, kuku wanne, mti mmoja wa aprikoti uliokuwa unachanua, na hakuna aliyemwuliza amekwenda wapi. Marehemu mke wa Hojimat, kila mtu alijua, alikuwa akiomba ufunguo ili afungue boksi la sukari. Na neno alilolitoa, alilitoa mbele ya wanawake arobaini. Mjane akila neno lake Margilani, hata usma wake hawanunui. Watasema rangi nayo itaongopa.

"Zikoje hizo nywele?" akauliza taratibu.

"Fupi fupi, kama kivuli. Na nyuma ya sikio pana mstari umeshuka, sijui ni nini, kama mchirizi."

"Mchirizi."

"Ndiyo. Na chumba kinanuka kabichi, lakini wajane wanaume ndivyo wanavyoishi, utamsafishia."

Bodomhon akatazama viganja vyake. Akakumbuka kichupa kimoja, vifungu vitano, na mama mgonjwa mwenye nyusi za kutosha watu kumi na wawili.

Angeweza kupiga kelele palepale. Lakini nani angemwamini? Wangesema Bodomhon anatafuta mlango wa kutorokea. Na Hojimat mwenyewe angewaambia watu kwamba ana wivu na dua yake. Basi akajipangusa mikono kwenye aproni.

"Neno langu ni neno. Mwambie aje Ijumaa ya wiki ijayo, kichwa wazi, na mkate. Nywele zikiwepo, nitauvunja mwenyewe."

"Siku zote hizo? Kwa nini si Ijumaa hii?"

"Bibi Tursunoy, mwanamke wa umri wangu anahitaji siku za kujipanga."

Siku za usma alikuwa anazijua kuliko za mwezi. Kilichobaki kilikuwa kimoja: ifikapo Ijumaa ile, mwenye kichupa asiwepo Margilani.

Shomurod alipaka mara ya pili Jumatano, na mara ya tatu Ijumaa. Adhuhuri ya Ijumaa hiyo, watu wakiwa msikitini, Hojimat akamkabidhi kamba ya kondoo huku amegeuza uso asione. Kondoo naye alitembea hatua tatu, akageuka kumtazama bwana wake, akalia.

Na hapo mjanja wetu akagundua kwamba kondoo hafichiki mfukoni. Soko la mifugo la Kumtepa ni Jumapili. Chumba alichopanga kilikuwa juu ya duka la viatu. Angekaa naye wapi siku mbili, kondoo anayejulikana na mji mzima? Akamkumbuka dada mwenye huruma, mwenye ua wenye ukuta mrefu mwisho wa mtaa.

"Dada Bodomhon, mama amezidiwa. Nimenunua kondoo wa sadaka. Nihifadhie mpaka Jumapili, Mungu atakulipa."

Bodomhon akamtazama kondoo. Kondoo akamtazama Bodomhon. Walikuwa wanafahamiana.

"Masikini mama," akasema. "Mlete ndani. Nyusi zake zinaendeleaje?"

"Ameridhika, dada. Anafariki akiwa mrembo."

Alipoondoka, Bodomhon akafunga lango kwa komeo, akakunja mikono ya gauni.

Kupaka kondoo si kama kupaka nyusi. Kwanza alichemsha maji ya majivu, akayaacha yapoe, akamwosha mara tatu mpaka mafuta ya sufu yakatoka na maji yakapita safi. Usipotoa mafuta, rangi haishiki. Kondoo akasimama ameghadhibika, amekonda nusu kwa kulowa. Jumamosi alfajiri Bodomhon akakata tuta zima la usma, akatwanga kwenye kinu badala ya kufikicha, akapaka kwa brashi ya kupakia chokaa. Kondoo akawa kijani. Kijani cha kweli, kama lundo la mchicha lenye miguu. Kuku walipomwona walikimbilia juu ya banda.

"Tulia," Bodomhon akamwambia. "Hata mimi sipendi kuonwa hivi."

Akampaka, akamwacha hewani, akampaka tena. Mara nne. Jua lilipofika katikati, kijani kilianza kukimbia toka mgongoni kwenda tumboni, na nyuma yake ikafuata buluu, kwanza hafifu, kisha nzito. Sufu si ngozi, haikuwa nyeusi. Ikawa rangi ya moshi, buluu yenye kijivu, kama wale kondoo wa thamani wanaotoka Bukhara. Akamalizia masikio kwa kijiti cha kiberiti.

Jumapili asubuhi Shomurod akabisha lango, mchangamfu, gari la kwenda Kumtepa linamngoja barabarani.

"Nimekuja kumchukua wangu, dada."

"Wako yupo wapi?"

"Yule wa Ijumaa. Mweupe."

"Angalia mwenyewe. Ukimwona mweupe humu, mchukue."

Shomurod akaangalia. Kuku wanne. Mti. Kondoo wa moshi, kafungwa kwa kamba yake yeye mwenyewe. Akamkaribia, akamtazama usoni, akatazama kiganja cha Bodomhon, akaelewa yote mara moja, na kwa sekunde moja, lazima isemwe, alivutiwa.

"Dada," akanong'ona, "tugawane."

Bodomhon akajibu kwa sauti ya kuitia mbuzi mlimani. "Jamani majirani! Njooni! Mtu ananidai kondoo wangu!"

Kwenye mtaa ule hakuna anayesubiri kuitwa mara mbili. Wakaja na mikate midomoni. Na mbele yao wote alikuja mzee Hojimat, ambaye kila asubuhi wiki ile alikuwa akipita mbele ya lango lile, kofia ameitupa nyuma kidogo ili weusi uonekane. Nyuma yake walikuwa waokaji wake wanne, kulabu za tanuri mikononi.

"Nani anamsumbua bibi huyu?" Hojimat akanguruma. Akamwona Shomurod. Sauti ikapungua. "Mimi... mimi simjui mtu huyu."

"Wala mimi," Shomurod akasema haraka.

"Anasema kondoo huyu ni wake," Bodomhon akaeleza. "Mzee, wewe ni mtu wa mifugo. Kijana huyu alipita hapa Ijumaa na kondoo. Wa rangi gani?"

Hojimat akakwepa macho ya watu. "Nadhani, kama sikosei, kwa mbali... mweupe."

"Mweupe pe!" mama mmoja akaongeza kutoka dirishani. "Nilimwona! Nikadhani ni wako, mzee."

"Wangu yuko malishoni," Hojimat akasema upesi mno.

Kondoo, aliposikia sauti ile, akavuta kamba mpaka akamfikia, akaingiza pua kwenye mfuko wa joho akitafuta maganda ya mkate. Hojimat akamsukuma kwa upole, amefurahi.

"Wanyama wananipenda sana," akawaambia watu.

"Basi, kijana, waeleze," Bodomhon akasema, mikono kiunoni. "Ulileta mweupe, sasa unadai wa moshi. Amebadilika vipi? Ipo dawa ya kupakwa ambayo inaingia hivi, inatoka vile? Sema tusikie. Mzee Hojimat naye asikie."

Shomurod akafungua mdomo. Akatazama kofia ya Hojimat, ule weusi unaochungulia chini yake, ambao kwenye jua la asubuhi ulikuwa na buluu ileile, hasa, ya mgongo wa kondoo. Akatazama kulabu nne za tanuri. Ulimi uliokuwa umemlisha miaka ishirini ukalala mdomoni kama soli ya kiatu.

"Nimekosea ua," akasema.

"Ua lipi unalolitafuta?"

"Lililo mbali."

"Msalimie mama!"

Hakwenda Kumtepa. Alidandia gari la kwanza, likawa la Kokandi, akakaa kiti cha nyuma amejifunika gazeti. Mzee Hojimat alisimama katikati ya barabara akiitazama dawa yake yote ikiondoka, asiweze kuita.

Jumatatu mzee alisema mwanga wa chumbani ni hafifu. Jumanne alinunua balbu kubwa. Jumatano alilala na tope la mfereji kichwani, kwa ushauri wake mwenyewe. Ijumaa alikuja kwa Bodomhon na mkate wenye ufuta, mkubwa kuliko wowote aliowahi kuutoa tanurini, akavua kofia mbele ya bibi Tursunoy na wanawake wote waliojaza ua. Bibi Tursunoy akavaa miwani. Akakizunguka kichwa mara mbili. Akapitisha kidole, akakitazama kidole.

"Safi," akasema kwa huzuni. "Kama sahani."

"Zilikuwepo!" Hojimat akalia. "Wewe mwenyewe uliziona!"

"Niliziona, mzee. Dua imeisha nguvu?"

"Yule mga..." Akasita. Macho arobaini na zaidi yalikuwa yanamngoja. "Yule Mola ndiye anayejua," akamaliza.

"Neno langu liko palepale, mzee," Bodomhon akasema kwa heshima zote. "Zikirudi, mkate urudi. Lakini mgeni haondoki kwangu na njaa. Kaeni, pilau iko tayari."

Ilikuwa pilau ya kusimulia. Karoti za manjano, vitunguu saumu vizima, na juu yake vipande vya nyama na mafuta ya mkia vinavyotetemeka. Hojimat aliapa kwamba hataweza kumeza, moyo wake umevunjika. Akaonja kwa adabu. Akaonja tena. Akaacha kuzungumza. Alipomaliza sahani ya pili alisema kwamba mnyama huyu alilelewa na mtu mwenye mkono mzuri.

Jikoni bibi Tursunoy alimshika Bodomhon kiwiko.

"We mwanamke. Una kuku wanne tu. Kondoo wa mafuta namna hii kakuletea nani?"

"Mchumba."

"Mchumba! Mchumba yupi tena, mbona sijaambiwa?"

Bodomhon akalisogeza pazia kwa kidole kimoja cha buluu. Uani, mzee Hojimat alikuwa akifyonza mfupa kwa macho yaliyofumbwa.

"Mpelekee sahani ya tatu," akasema. "Jaza, ni haki yake."